Mnamcheka Staa Kuvaa Boya Melini, Sisi wa Korogwe Nani Katuonesha Mlango wa Dharura?

Leo sina umbea mtamu, leo nina povu. Usiondoke lakini, umbea upo ndani yake.

Wiki hii mjini hakukuwa na stori nyingine. Yule dada wetu wa filamu, jina kapuni, katupia picha akiwa kwenye meli ya kitalii huko majuu. Gauni la bei mbaya, nywele za bei mbaya, halafu juu yake jaketi kubwa la kujiokolea, rangi ya chungwa, limemkaba shingo kama mtoto wa chekechea aliyevalishwa sweta na bibi yake. Komenti zikamiminika. Ooh ushamba. Ooh meli haijatoka hata bandarini kashavaa boya. Ooh mwambieni hilo sio pantoni la Kigamboni.

Nimezisoma zote, nikacheka mbili tatu, halafu nikanyamaza. Sababu wabongo tunacheka kitu ambacho tungekuwa na akili tungekidai na sisi.

Iko hivi. Yule dada hakuvaa boya kwa woga. Ukipanda meli kubwa ya kitalii, kabla haijang'oa nanga, abiria wote mnaelekezwa ikitokea hatari mnakimbilia wapi, mnakusanyika wapi, jaketi linafungwaje. Uwe tajiri, uwe staa, uwe umelipiwa na danga, unafuata utaratibu. Ndo sharti la meli hizo.

Na sharti hilo kulisimamia hivyo, kwamba lazima iwe KABLA ya kuondoka, hawakuanza serikali. Walianza wenye meli wenyewe kupitia chama chao. Hapo ndo nataka mnielewe leo.

Tarehe 13 Januari 2012, meli ya kitalii inaitwa Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 4,000. Ikalala ubavu. Watu 32 wakafariki. Kilichouma zaidi ni kwamba kuna abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na walikuwa hawajafundishwa chochote, kwa sababu sheria ya wakati ule ilikuwa inaruhusu mafunzo yafanyike ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Yaani unaweza ukapanda jioni, meli ikazama usiku, na darasa lako lilikuwa la kesho.

Wenye meli za kitalii wana chama chao cha kimataifa kinaitwa Cruise Lines International Association, kifupi CLIA, kipo tangu 1975. Haukupita hata mwezi mmoja, Februari 2012, chama kikatangaza na wenzao wa Ulaya: kuanzia sasa mafunzo ni kabla ya kuondoka, basi. Sheria ya kimataifa yenyewe ilikuja kukaa sawa Januari 2015. Miaka karibu mitatu baadaye! Chama kilitangulia, sheria ikafuata nyuma.

Mwaka mmoja baada ya Concordia ikaja ya Carnival Triumph. Wanaoangalia Netflix mnaijua, walitoa filamu yake 2025. Februari 2013 meli ilishika moto kwenye injini katika Ghuba ya Meksiko, umeme ukakata, vyoo vikagoma, watu zaidi ya 4,000 wakakaa siku kadhaa baharini kwenye harufu ambayo siwezi kuielezea hapa kwa sababu kuna watu mnasoma mkiwa mnakula. Dunia nzima ikawacheka wenye meli. Mwezi Mei mwaka huo huo CLIA wakatoa hati ya haki za abiria, vipengele kumi. Meli ikiharibika safari ikafutwa, unarudishiwa hela yako yote. Safari ikikatishwa njiani kwa sababu ya ubovu, unafikishwa kwa gharama yao. Ukilazimika kulala njiani, wanakulipia malazi. Na una haki ya kuambiwa kinachoendelea, sio kukaa kama gunia.

Sasa kabla hamjanirukia, najua hao CLIA sio malaika. Ni chama cha wafanyabiashara. Kina watu wanaokaa na wanasiasa kutetea maslahi yake, na wanachama wake wengi meli zao zimesajiliwa Bahamas au Panama, na sio kwa sababu wanapenda bendera za kule. Ile hati ilipotoka kuna watu walisema mengi yaliyoandikwa humo yalikuwepo tayari. Sawa. Lakini angalia akili ya biashara. Walijua abiria akiogopa, meli zote zinakosa hela, hata ile ambayo haijawahi kuharibika. Kwa hiyo wakabanana wenyewe kwa wenyewe. Hiyo ndo kazi ya chama. Kama chama kinatetea mwenye chombo tu na abiria hakimjui, hicho ni kikoba cha matajiri.

Haya, tutoke baharini turudi nyumbani.

Hapa Korogwe hatuna bahari, na wenzetu wa Handeni ndo kabisa, wao maji ya kwenye ndoo tu yamekuwa kilio cha miaka. Meli yetu sisi ni basi. Ukitoka Dar unakuja Chalinze, Mkata, Kabuku, Segera, unaingia Korogwe, ukitaka unaendelea Mombo, Same hadi Moshi na Arusha. Mabasi yote ya Kaskazini yanapita mlangoni kwetu. Mji huu unaishi kwa mabasi. Kuna mama anasomesha watoto kwa machungwa ya dirishani. Kuna kijana anajenga kwa kubeba mizigo stendi. Kwa hiyo mtu asije kuniambia nina chuki na wenye mabasi. Mabasi yakikohoa, Korogwe inaumwa.

Na wenye mabasi nao wana chama. Kinaitwa TABOA, Chama cha Wamiliki wa Mabasi Tanzania. Sio chama cha mfukoni. Nauli zikijadiliwa kinasikika, na ni haki yake. LATRA wakipanga nauli wanapiga hesabu mpaka senti. Desemba 2023 basi la daraja la kawaida liliwekwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Arobaini na nane nukta nne saba! Yaani kalio lako limepimwa bei kwa nukta mbili za desimali. Mafuta yakipanda, chama kinaongea. Vipuri vikipanda, chama kinaongea. Zamani mabasi yalipigwa marufuku kutembea usiku, kilio cha wenye mabasi kikawa cha miaka mingi, na Juni 2023 Waziri Mkuu akatangaza bungeni kwamba ruksa. Kwa hiyo sauti wanayo, na serikali inawasikia.

Swali langu dogo tu. Hiyo sauti ikiwa inaongelea bei ya siti, aliyekaa kwenye siti anaongelewa na nani?

Maana tunayoyaona huku barabarani mnayajua, msijifanye mnatokea Masaki. Basi linaharibika, konda anashuka, anapiga simu pembeni, anarudi hasemi kitu. Ukimuuliza anakuambia "fundi anakuja", na fundi huyo ni kama mchumba wa mtandaoni, anakuja kila siku na hafiki. Mimi mwenyewe nishakaa pale Mkata kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Basi la nani sisemi, wala haina haja, wewe weka jina la lile lililokukalisha wewe. Hakuna aliyetuambia kama hela inarudi. Mwisho tukafaulishwa kwenye basi lingine ambalo lilikuwa limejaa, tukasimama. Nililipa siti nikapewa bomba la kushikia. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliuliza mara tatu safari itaendelea saa ngapi, akajibiwa na wapiga debe, na wapiga debe hawakuwa hata wa basi lile.

Halafu dakika kumi. Jamani dakika kumi! Basi la siti hamsini na kitu, chakula, choo, foleni, dakika kumi. Na sehemu mnayosimama hamkuchagua nyinyi, amechagua dereva, na dereva na konda wake sahani zao hazilipiwi. Nyinyi mnaulizwa "mmeshiba?" na honi. Aliyechelewa anakimbia na chipsi mkononi kama kibaka. Au mnashushwa porini kuchimba dawa, dada zetu na mama zetu wanahangaika na kanga vichakani, na bado mtu anaandika ubavuni mwa basi neno la kifalme.

Hayo ni ya kero. Kuna ya uhai.

Usiku wa Februari 3, 2023, pale Magira Gereza, hapa hapa Korogwe, Fuso iligongana na Kosta iliyokuwa imebeba msiba kutoka Dar kwenda Moshi. Watu 17 walikufa siku ile ile na idadi ikapanda baadaye. Watu waliokuwa wanaenda kuzika wakazikwa. Mji mzima ulikuwa kimya. Najua kuna mtu ataniambia ile haikuwa basi la ratiba. Sawa. Juni 28, 2025 njia hii hii, pale Sabasaba wilayani Same, basi la abiria na Kosta ziligongana, moto ukawaka, wakafa watu zaidi ya 35. Wengi waliungua mpaka kuwatambua ikawa kazi.

Sina mamlaka ya kusema nani alikosea, hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Nasema kitu kimoja tu. Wewe unayesoma hapa, umepanda mabasi mangapi maishani mwako? Ishirini? Mia? Nani alishawahi kusimama mbele akakuonesha mlango wa dharura uko wapi, dirisha linavunjwaje na nyundo iko wapi, kizima moto kiko wapi, mkanda unafungwaje? Mimi nakumbuka kuoneshwa filamu za mapigano, kuuziwa dawa ya meno na mganga, kuombewa na mchungaji aliyepanda Chalinze akashukia Segera. Kuoneshwa mlango wa dharura, sikumbuki hata mara moja.

Halafu tunamcheka dada wa watu kuvaa boya. Sisi! Nchi iliyoipoteza MV Bukoba mwaka 1996, ikaipoteza MV Spice Islander mwaka 2011, ikaipoteza MV Nyerere mwaka 2018. Sisi ndo tulitakiwa tuwe wa mwisho duniani kumcheka mtu aliyevaa jaketi la kujiokolea.

Najua majibu mtakayoleta, nayajibu moja moja.

La kwanza: hiyo kazi ya serikali, kuna LATRA, kuna trafiki. Ndiyo, ipo LATRA, ipo hata LATRA CCC, baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri wa ardhini. Kuna mwendo kikomo wa kilomita 80 kwa saa, kuna kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi. Sikatai. Lakini trafiki hawezi kukaa ndani ya kila basi kuanzia Mbezi mpaka Arusha. Mwenye basi anaweza, maana dereva ni wake, konda ni wake. Na mwenye basi hamuogopi trafiki kama anavyowaogopa wenzake wakimwambia: ukiendelea hivi, toka kwenye chama chetu, unatuharibia biashara.

La pili: nauli ni ndogo, haitoshi kuweka huduma za meli. Hakuna aliyeomba bwawa la kuogelea juu ya basi, kaka. Konda kusimama dakika mbili pale stendi na kuongea kunagharimu mate. Kumwambia abiria "gari limekufa, lingine linatoka Chalinze, litafika saa nane" kunagharimu vocha ya kupiga simu moja. Hiyo nayo ni nauli ndogo?

La tatu: abiria wenyewe ndo wanapenda mbio, dereva akienda taratibu wanamtukana. Ni kweli. Wapo, na wengine wapo humu kwenye komenti. Lakini meli ya kitalii ina walevi elfu mbili na bado wote wanaelekezwa sehemu ya kukusanyika. Abiria akiwa mjinga, ndo maana kuna sharti.

Sasa umbea niliowaahidi.

Kuna mchekeshaji wetu mmoja, jina kapuni, yule mwenye wafuasi wengi kuliko wapiga kura wa Korogwe na Handeni tukijumlishwa. Ni balozi wa mabasi. Kila sikukuu anapiga video kwenye siti ya mbele, AC inampuliza, soda mkononi, "wanangu twendeni nyumbani". Anapiga mpunga wake safi, simuonei wivu. Kuna na yule mwanamuziki ambaye basi lilibandikwa sura yake ubavu mzima. Ajali zikitokea mnajua wanachofanya? Mshumaa mweusi na "poleni wafiwa". Kesho yake tangazo linaendelea. Wao wenyewe Arusha wanaenda kwa ndege!

Nyie mastaa, nawaambia kwa upendo. Sura yako ikikaa ubavuni mwa basi, wewe ndo umemwambia shangazi yangu kwamba lile basi ni salama. Kabla hujasaini, uliza maswali matatu: basi likifa njiani abiria anarudishiwa nini? Usiku dereva anapokezana na nani? Konda anaonesha mlango wa dharura? Wasipokujibu, hela hiyo ina harufu ya Carnival Triumph.

Na nyie TABOA, kwa heshima zote, mnachotakiwa kufanya sio cha mwezini. Kaeni kikao kimoja, mtoke na karatasi moja ya Kiswahili, vipengele vitano tu.

Moja, hakuna basi la mwanachama linaloondoka stendi bila abiria kuoneshwa mlango wa dharura na mkanda. Mbili, basi likiharibika, abiria anaambiwa ukweli ndani ya nusu saa, na muda ukipita kiasi mtakachokubaliana nyie wenyewe, hela inarudi. Tatu, kufaulishwa ni siti kwa siti, sio siti kwa bomba. Nne, vituo vya kula na choo vinajulikana, muda unatosha, na dada zetu wanakuta choo chenye mlango. Tano, namba moja ya simu ya chama, sio ya konda, inayopokelewa hata saa nane za usiku, kwa sababu usiku mliuomba wenyewe na mmepewa.

Mkishaiandika, ibandikeni. Stendi ya Korogwe, stendi ya Handeni, Mkata, Segera, na ndani ya kila basi pale mlipobandika "mali bila daftari hupotea bila habari". Asiyefuata, litajeni basi lake hadharani. Mtaona kama hatutayakimbilia mabasi ya wanachama na kuyaacha mengine yakipiga honi tupu. Hiyo ndo faida yenu. Wenye meli waliiona 2012, na walikuwa wafanyabiashara kama nyie.

Mpaka hapo mniache nipumue. Wewe mdau shuka kwenye komenti, niandikie vitu viwili: basi lilishakukalisha wapi saa ngapi, na kama kuna konda aliyewahi kukuonesha mlango wa dharura. Majina ya makampuni msiweke, sitaki kesi. Konda wa hivyo akipatikana hata mmoja, huyo ndo staa, na nitamwandikia posti yake peke yake.

Na yule dada wa boya, mwacheni. Safari hii alikuwa sahihi kuliko sisi wote.